Konokono Kahama, Samaki Kahamia: Tangi la Maganda Lafika Kimbo

Wapenzi wa samaki wa Ruiru, Juja na Thika, acheni mnachofanya! Kuna samaki kamili, mwenye mistari, hasira na ukoo wake, ambaye dume akikomaa ana sentimita 4 na nusu hivi na jike hazidi sana 3 na nusu. Analala ndani ya ganda la konokono. Anataga humo, analea humo, hatari ikija anakimbilia humo, na mchana kutwa anachota mchanga kwa mdomo na kuuhamisha mpaka sakafu ya tangi ikae anavyotaka yeye. Jina lake la kitaalamu ni Neolamprologus multifasciatus, wafugaji wa dunia nzima humwita multi, na sasa yuko hapa Kimbo, katika tangi la lita 54 sebuleni kwangu. Haya ni maoni ya mwanzo, yangali ya moto, na hukumu yangu naitoa mapema: sijaona samaki wa nyumbani anayemlipa mtazamaji wake namna hii!

Kinachonipandisha mori zaidi ni kwamba huyu si mgeni kutoka Asia wala Amerika Kusini. Ni wa kwetu, Afrika Mashariki. Anatoka Ziwa Tanganyika, lile wanalogawana Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, lenye urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofika mita 1,470. Duniani kote ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolipita kwa kina. Sisi wengine tunalijua ziwa hilo kupitia dagaa wa Kigoma na migebuka. Kumbe chini ya hao dagaa kuna karibu aina 250 za sikilidi, jamii moja na ngege wetu wa mezani, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Multi ni miongoni mwa sikilidi wadogo kuliko wote. George Albert Boulenger, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya London, alimwandika rasmi mwaka 1906. Wazungu wamemfuga majumbani kwao miaka na miaka, nasi tulio jirani zake ndio kwanza tunamkaribisha.

Ganda ndilo siri yote

Sehemu kubwa ya sakafu ya Tanganyika karibu na pwani ni mchanga mtupu. Hakuna jabali la kujibanza wala majani ya kujificha, na wakubwa wenye njaa wanapita kila saa. Hapo ndipo anapoingia konokono mmoja aitwaye Neothauma tanganyicense, ambaye naye hupatikana katika ziwa hilo peke yake. Konokono akifa, ganda hubaki. Maji ya ziwa yana chokaa ya kutosha kiasi kwamba ganda haliyeyuki upesi, basi vizazi kwa vizazi maganda yamelundikana yakafanya matandiko mapana chini ya maji. Aina kadhaa za sikilidi zimehamia humo moja kwa moja. Mwili ulipungua ukatosha mlangoni, na tabia zikajipanga kufuata umbo la nyumba.

Ukishalielewa hilo, umeelewa namna ya kupanga tangi lote. Huhitaji mapambo ya plastiki, meli iliyozama wala kasri. Unahitaji mchanga, maganda na maji magumu. Ujenzi uliobaki ni wa samaki mwenyewe, na ndio hasa utamu wa jambo hili! Samaki wengine unawapambia nyumba halafu unawatazama wakipita mbele yake. Huyu unampa vifaa, kisha unakaa ukimtazama fundi akiwa kazini.

Kioo, chuma na pimamaji

Multi haishi juu wala katikati ya maji. Maisha yake yote yako chini, kiganja kimoja au viwili kutoka kwenye ganda lake. Kwa hiyo usidanganywe na tangi refu la kwenda juu. Nunua upana wa sakafu. Langu lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Kipimo hicho kinaingia hata kwenye bedsita, na kinatosha kabisa kuanzisha ukoo wa samaki sita hadi wanane wachanga.

Hapa Kimbo hukosi fundi wa vioo wala wa kuchomelea, kwa sababu mtaa mzima unajengwa. Kioo cha milimita 6 kinatosha kwa kimo hicho. Jambo la kukazia macho ni silikoni: iwe ya kawaida, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa ile ni sumu kwa samaki. Tangi likishaunganishwa liache likauke vizuri mpaka ile harufu kali ya siki iishe kabisa, kisha lijaze maji nje ya nyumba ulijaribu kama linavuja.

Halafu kuna uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukijumlisha kioo, mchanga na maganda, tangi la lita 54 linakaribia kilo 80. Kabati la mbao za kubandika halifai. Mimi nilichomelewa meza ya vyuma vya mraba, ikapimwa kwa pimamaji pande zote mbili, na juu yake nikatandika sponji nyembamba ili kioo kikalie mahali laini. Fundi aliponiletea meza aliuliza, "Bosi, hawa samaki ni wa kukaanga?" Nikamwambia, "La, fundi, ni wa kutazama." Alipopita tena kuikagua kazi yake, samaki walikuwa wameshaingia. Alichuchumaa mbele ya kioo, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe nao wanajenga!" Naam, wanajenga!

Mchanga wa mto, si vumbi la machimbo

Mchanga ndio kifaa cha kazi cha samaki huyu, kwa hiyo usiupuuze. Anauchota kwa mdomo mara nyingi mno kwa siku, ukipita karibu na matamvua yake, basi chembe zake lazima ziwe ndogo na za mviringo. Mchanga wa mto unaouzwa kwa wajenzi, ule unaoletwa kwa malori kutoka upande wa Machakos, unafaa sana ukiuchekecha kwa chekecheke la unga na kubakisha ule laini. Uoshe kwenye ndoo, ukikoroga na kumwaga, ukikoroga na kumwaga, mpaka maji yatoke meupe. Vumbi la mawe kutoka machimbo ya Juja na Ndarugu limejaa huku na bei yake inavutia, lakini chembe zake zina ncha kali. Waachie wajenzi.

Tandika kina cha sentimita 5 hadi 7. Ndiyo, ni nyingi kuliko matangi mengi ya madukani, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiweka safu nyembamba, samaki watafika kwenye kioo mapema na kazi itawaishia. Ukiwapa kina cha kutosha, utaona mashimo, matuta na vijia vikitokea mahali ulipokuwa umesawazisha vizuri kwa kiganja.

Maganda halisi ya Neothauma ni adimu kuyapata hapa, lakini samaki hawa hawachagui ukoo wa konokono. Wanachotaka ni mlango wa upana wa kidole, tumbo linalozunguka ndani, na kuta laini zisizokwaruza. Maganda madogo ya konokono wa nchi kavu yanatumika, na ukanda huu hatuna shida nayo: Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichopo Juja, kimejihusisha na ufugaji wa konokono, na wakulima kadhaa wanawafuga. Maganda ya konokono wa baharini yanayouzwa Pwani nayo yanafaa, tena yanaongeza chokaa majini. Nunua yaliyouzwa kihalali, usiokote kwenye hifadhi za baharini. Yachemshe, yasugue, yanuse. Ganda linalonuka bado lina mabaki ya nyama ndani, na mabaki hayo yatachafua tangi zima.

Hesabu maganda mawili au matatu kwa kila samaki, na yakizidi ni heri. Yakiwa ndani ya maji, ligeuze kila moja mpaka povu la mwisho la hewa litoke, kisha ulilaze mdomo ukitazama juu kidogo. Usijisumbue kuyapanga kwa madoido. Samaki watayapanga upya.

Maji ya Kimbo: mfereji au kisima kirefu?

Hapa ndipo nilipofurahi kuliko kote, kwa sababu mtaa wetu una bahati ambayo wenyewe hatuijui. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yana alkali: pH yake huwa kati ya 8.6 na 9.2, na joto la karibu na uso ni nyuzi 24 hadi 28. Wafugaji wa miji mingi duniani hutoa fedha kununua chumvi maalumu za kuyaiga. Sisi tuna maji ya aina mbili, na kila aina ina tabia yake.

Maji ya mfereji yanayotokana na mito inayoteremka kutoka Aberdare ni laini, yana madini machache, tena yana klorini. Klorini huitoa kwa matone machache ya dawa, au kwa kuyaacha maji kwenye ndoo wazi kutwa kucha huku pampu ya hewa ikiyapiga. Ulaini huutibu kwa chokaa: mfuko mdogo wa changarawe za matumbawe ndani ya tangi, ambazo huyeyuka taratibu na kuinua ugumu wa maji bila pupa.

Maji ya visima virefu ni hadithi nyingine. Maji ya chini ya ardhi ya ukanda huu wa Nairobi na Kiambu yamepita kwenye miamba ya volkano, na sifa yake inajulikana: baikaboneti ya sodiamu kwa wingi, na floraidi ya juu, ile inayowatia watoto meno ya kahawia. Baikaboneti ndiyo inayoshikilia pH isishuke, na hilo multi atalipenda. Floraidi ndiyo ya kuangalia. Kwa hiyo mimi huchanganya: nusu kisima, nusu mfereji, kisha napima. Kifurushi cha dawa za kupimia pH, ugumu, amonia na nitraiti ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla hata ya taa.

Pale pH inapohitaji kusukumwa juu, soda ya kuokea inatosha. Kijiko kimoja cha chai ndani ya lita 50 huongeza ugumu wa kaboneti kwa takriban digrii 4. Iyeyushe kwanza kwenye jagi, imimine polepole, na ugawanye kazi hiyo kwa siku kadhaa. Kidogo cha chumvi ya Epsom huleta magnesiamu, ambayo maji ya Tanganyika yana wingi wake.

Najua swali linalokuja: si tuna magadi, yale ya kulainishia githeri? Hapana, usiyatie! Magadi yanapandisha pH kweli, lakini yanakuja na floraidi nyingi na kipimo chake hakitabiriki. Ziwa Magadi lina sikilidi wake, Alcolapia grahami, ambaye ameumbika kuishi kwenye maji yenye pH ya karibu 10 na joto linalokaribia nyuzi 40. Kiumbe wa ajabu, naye ni wetu vilevile, lakini multi si yeye.

Subira kabla ya samaki

Kichujio changu ni cha sponji, kile rahisi kabisa kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Kinatosha, hakifyonzi vitoto, na bei yake haiumi. Lakini sponji mpya ni sponji tupu. Inahitaji kukaliwa na bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitraiti, na wengine wanaogeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo ina madhara machache. Ukoo huo wa bakteria huchukua wiki nne hadi sita kukua. Unadondosha chakula kidogo ndani ya tangi lisilo na samaki, kinaoza, bakteria wanakula, nawe unapima. Amonia ikisoma sifuri na nitraiti ikisoma sifuri, tangi limeiva.

Katika tangi la aina hii subira si hiari. Kadiri pH inavyopanda, ndivyo amonia inavyogeuka kuwa ile hali yake yenye sumu kali. Kiasi kile kile ambacho samaki wa maji laini angekistahimili kinaweza kumuua multi. Ukimpata mwenye tangi la siku nyingi akakugawia sponji yake kuukuu, mshukuru sana, maana amekupunguzia wiki kadhaa.

Na hita usiikose. Ruiru iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai unauma. Hita ya wati 50 iliyowekwa nyuzi 25 inalitosha tangi hili.

Dakika za kwanza

Samaki walikuja wakiwa ndani ya mfuko, wanane, wachanga, waliozaliwa kwenye tangi la mfugaji wa huku huku. Niliuning'iniza mfuko ndani ya maji mpaka joto likalingana, kisha nikayadondosha maji ya tangi ndani yake tone kwa tone kwa mrija wa hewa uliopigwa fundo. Usiikate hatua hii. Samaki wa Tanganyika wametoka kwenye ziwa ambalo halibadilikibadiliki, na mabadiliko ya ghafla ndiyo adui yao mkubwa.

Kisha wakaingia. Hawakuzubaa juu wala kwenye pembe za kioo. Wote walishuka moja kwa moja hadi chini, na kufumba na kufumbua hakuonekana hata mmoja! Tangi likawa mchanga na maganda tu. Taratibu, kwenye mlango wa ganda moja, likachomoza jicho la buluu. Halafu pua. Halafu kichwa kizima, kikapumua hapo mlangoni kikichungulia.

Aliyetoka wa kwanza alikuwa dume, nadhani, kwa jinsi alivyojinyoosha. Ukimsogelea kwa jicho utaona mwili wa rangi ya kahawa hafifu uliokatwa kwa mistari myembamba ya kusimama, kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani, na kingo za mapezi zina utepe mwembamba unaong'aa. Alilizunguka ganda lake mara moja. Alisimama kwenye ukingo, akazamisha kichwa mchangani, akajaza mdomo hadi mashavu yakatuna. Akaogelea mbali kidogo, akautema. Akarudi. Akajaza tena. Akatema palepale. Halafu akabadili mbinu: akajilaza mchangani akautikisa mwili wote kwa nguvu, na mchanga ukaruka nyuma yake kwa wingu dogo. Nilipokuja kutazama tena, ganda lililokuwa limelala juu ya mchanga lilikuwa ndani ya shimo lenye kuta safi, na tuta lilikuwa limeota upande wa pili.

Na wengine wakafuata! Tangi langu limekuwa ploti ya Kimbo: kila mpangaji ana mlango wake, ua ni wa wote, na ugomvi wa mpaka hauishi. Mmoja akitema mchanga karibu na mlango wa mwenziwe, mwenye mlango anatoka mbio, mapezi yote wima, mdomo wazi. Wanatazamana. Wanatikisana mikia. Hakuna anayeumia, mdogo anarudi ndani, na mkubwa anaendelea na kazi. Mtoto wa jirani aliyebandika pua kwenye kioo alipiga kelele, "Anti, ona huyu anamwagia mwenzake mchanga!" Ndivyo hasa. Hata mimi nikitia mkono kulinyoosha ganda, kuna mmoja anakuja kunidona kidole. Samaki wa sentimita 3 analinda kwake dhidi ya mkono mzima wa binadamu. Nani asiyempenda?

Vitoto bado sijaviona, na bado ni mapema. Yanayosubiriwa yanajulikana: jike hutaga mayai machache ndani kabisa ya ganda, na vitoto vikishakua kidogo hutokeza mlangoni, vikaokota chembe za chakula pale pale. Havifukuzwi. Vinaendelea kuishi na ukoo, vikubwa na vidogo, vizazi kadhaa ndani ya eneo moja. Ndiyo maana ukoo mdogo ukitulia hugeuka kuwa kundi kubwa bila wewe kufanya lolote la ziada. Kwa sasa nawalisha chakula kikavu kilichosagwa laini na kamba wadogo wa artemia, kidogo kidogo mara mbili kwa siku, na kila wiki nabadilisha asilimia 15 hivi ya maji.

Yupi akufae?

Multi si peke yake katika maganda. Anayefanana naye mno ni Neolamprologus similis wa upande wa Kongo, aliyeandikwa rasmi mwaka 1992. Utawatofautisha kwa kichwa: mistari ya similis inasonga mbele hadi kichwani, ya multi inakomea nyuma yake. Malezi ni yale yale, ila usiwachanganye tangi moja.

Lamprologus ocellatus ni mkubwa kidogo, ana doa linalofanana na jicho kwenye kifuniko cha matamvua, na ni mkali kwelikweli. Yeye hupenda kulizika ganda mpaka ubaki mdomo tu juu ya mchanga. Ufundi wake umewavutia watafiti wa taasisi ya Max Planck ya Ujerumani, ambao wamemchapia maganda bandia kwa printa ya 3D ili waone namna anavyolifanyia kazi ganda hatua kwa hatua. Neolamprologus brevis ni mpole zaidi, na dume na jike huweza kugawana ganda moja. Akufaa ukiwa na nafasi ndogo sana.

Lamprologus callipterus mwache ziwani au umwekee tangi kubwa mno. Dume wake hubeba maganda kwa mdomo, huyarundika kwake ili majike waje kutaga, na uzito wake humzidi jike zaidi ya mara kumi. Ni maajabu, lakini si ya meza ya sebuleni.

Kwa anayeanza, nasema multi. Anaishi kwa ukoo, anasamehe udogo wa tangi, na hamalizi siku bila kukuonyesha jambo.

Ya kuzingatia

Mimea yenye mizizi mchangani itang'olewa, hivyo funga anubiasi kwenye jiwe au usiweke kabisa. Usimchanganye na samaki wakubwa, watamnyima amani, na ukimweka na goldifishi mahitaji ya maji na joto hayalingani.

Stima ikipotea, kinachohatarisha tangi kwanza ni hewa. Bakteria wa sponji wanahitaji oksijeni sawa na samaki. Pampu ndogo ya hewa ya betri ya kuchaji si gharama kubwa, na kwa mtaa wetu naihesabu kuwa sehemu ya tangi.

Kuwapata kunahitaji kuulizia. Maduka mengi ya samaki wa mapambo huuza goldifishi na gapi, lakini wapo wafugaji wanaozalisha sikilidi wa Tanganyika majumbani. Uliza kama samaki wamezaliwa kwenye tangi. Hao wamezoea maji na chakula cha hapa. Kuagiza samaki hai kutoka nje kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016, kwa hiyo usimpe dereva wa basi la masafa marefu mfuko akuletee kimyakimya.

Na wakizaana wakakushinda, wagawie wenzako. Usiwamwage Mto Ruiru, Ndarugu wala kwenye bwawa lolote. Eneo letu la Afrika limeshalipa gharama hiyo: sangara aliyetiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 aliangamiza aina nyingi za furu, hao nao sikilidi wasiopatikana pengine, na kamba wa Marekani aliyeletwa Naivasha mwaka 1970 aliigeuza hali ya ziwa lile. Samaki wa tangi abaki kwenye tangi.

Hukumu ya mwanzo

Kwa uzuri wa rangi, kuna samaki wanaompita. Kwa ukubwa, karibu wote wanampita. Lakini kwa tabia, kwa kazi, kwa kile kinachokufanya uahirishe kulala ili uone tuta litafika wapi, sijaona mwenzake! Gharama kubwa ni kioo na meza, na vyote viwili vinatengenezwa na mafundi wa hapa hapa. Mchanga ni wa wajenzi, maganda ni masazo ya konokono, na maji ya kisima chetu yako nusu ya safari kuelekea Tanganyika. Ni tangi linalomfaa mwanafunzi wa Juja mwenye chumba kimoja, mzazi anayetaka watoto waache simu kidogo, mwalimu wa sayansi anayetaka darasa zima lione tabia ya mnyama kwa macho yao badala ya mchoro ubaoni.

Kwa hiyo kama nyumbani kwako kuna sentimita 60 za meza imara, usingoje. Chekecha mchanga wikendi hii, chemsha maganda, washa sponji na anza kupima maji. Tangi litaiva ndani ya mwezi na nusu, na hapo uje Kimbo tukatafute multi wako.